Tia Maji Kwanza

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Methali hii tumeizoea kama onyo, lakini imebeba ufundi wa vinyozi wa zama za wembe mtupu: wembe haugusi kichwa kabla hakijalowa.

Sababu iko kwenye udevu wenyewe. Umejengwa kwa keratini, protini iliyomo pia kwenye kucha. Kucha hulegea ukifua nguo asubuhi nzima. Udevu nao hunywa maji, ukavimba na kulainika. Maji ya uvuguvugu hufanya kazi hiyo kwa dakika 2 au 3, na povu la sabuni huyazuia yasikauke huku likiutelezesha wembe. Pakiwa pakavu, makali hukwama kwenye udevu mgumu, mkono hukandamiza, na ngozi hukwanguliwa. Wembe nao huumia. Mwaka 2020 watafiti wa MIT, Marekani, walionyesha kwa hadubini kwamba unywele, ulio laini mara 50 kuliko chuma cha wembe, unaweza kuyamega makali yake.

Mashine ya kunyolea ina kanuni yake. Ina safu mbili za meno: ya chini imetulia, ya juu inakwenda na kurudi, na udevu ulioingia katikati hukatwa kama kwa mkasi. Hii inataka ukavu, kwa sababu ndevu zilizolowa hulala na kugandana, haziingii menoni. Jacob Schick alipoanza kuuza mashine ya umeme ya ndevu huko Marekani mwaka 1931, alichokinadi ni hicho: kunyoa bila maji wala sabuni.

Kinachoniudhi ni kuzichanganya kanuni hizi mbili. Kinyozi anamaliza na mashine, anavunja kiwembe vipande viwili, anapachika kimoja kwenye mpini, anachonga mstari wa shavu palepale pakavu, kisha anapaka spiriti. Niliwahi kuinuka kwenye kiti cha namna hiyo na mstari ulionyooka kama rula. Siku ya tatu ulikuwa mstari wa vipele.

Lakini maji pekee hayatuokoi sisi wenye ndevu za kipilipili. Wembe mkali juu ya udevu uliolainika hukata hadi chini ya usawa wa ngozi. Udevu uliojikunja, ukiwa na ncha iliyochongoka, unapoota hurudi ndani ya ngozi, na hapo ndipo kipele kinapoanzia. Usafi wa shavu tunaousifu ndio chanzo cha maradhi. Mashine huacha kisiki kidogo juu ya ngozi, na kisiki hicho ni kinga.

Kwa hiyo mwenye vipele abaki na mashine, kavu. Anayetaka wembe auchukue mpya, aloweke ndevu, anyoe kuelekea zinakolala, wala asiivute ngozi. Na kinyozi wako akishika wembe, mwombe maji kwanza.