Wasomaji wa Madoa ya Almasi

Almasi iliyookotwa na wachimbaji wadogo huko Juína, Brazili, mwaka 2008 haikuwa ya kutamanisha. Ilikuwa ya kahawia, imechakaa, upana wake milimita 3 tu, na watafiti waliipata kwa dola 20 hivi. Sonara asingeigusa. Graham Pearson wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, na wenzake walikuwa wakitafuta mawe yenye madoa, na ndani ya jiwe lile mwanafunzi wao, John McNeill, alikuta chembe isiyofikia upana wa unywele. Waliipima kwa leza, kwa infraredi, kwa eksirei, miaka ikapita. Mwaka 2014 ndipo walipotangaza: ni ringwudaiti, madini yanayoumbika zaidi ya kilomita 500 chini ya ardhi, ambayo hadi hapo yalijulikana kutokana na vimondo na maabara tu. Na ilibeba maji, takriban asilimia 1.5 ya uzito wake.

Ninachokistahi zaidi katika kazi hii ni kujizuia. Almasi, kwa ugumu wake, huibana chembe iliyomo ndani isipanuke, hata baada ya volkano kuirusha juu. Ukiivunja kwa pupa, mbano ule hulegea, na madini mengine hugeuka papo hapo. Kwa hiyo kwanza ni hadubini, kisha kuusugua ubavu wa jiwe kwa vumbi la almasi hadi upatikane uwazi wa kupitishia mwanga. Kuvunja huja mwisho, kama kutakuwa na haja.

Kuna kazi ngumu zaidi. Bridgmanaiti ndiyo madini yaliyo mengi kuliko yote duniani, lakini ni nadra mno kufika juu bila kubadilika. Hufika imekwisha kuwa madini mengine, enstataiti. Mtafiti ataijuaje? Huangalia jirani yake. Karibu na uso wa dunia, enstataiti na madini ya periklasi hazikai pamoja, huungana zikawa madini ya tatu, olivini. Akizikuta ndani ya almasi moja, ana sababu ya kushuku kina cha zaidi ya kilomita 660. Hata hapo haridhiki: anapima nikeli, kwa kuwa huko chini nikeli hukimbilia kwenye periklasi na kuiacha bridgmanaiti na kidogo sana. Usomaji wa namna hii, wa kutambua kitu kwa kile kilichokosekana ndani yake, unanivutia kuliko vito vyote vya dukani.

Mwadui, mji wa mgodi wa almasi huko Shinyanga, wengi tunaikumbuka kwa almasi ya waridi aliyopewa Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947. Ningependa ikumbukwe pia kwa utafiti wa mwaka 1998 wa Thomas Stachel, Jeff Harris na Gerhard Brey, kuhusu chembe adimu zilizonaswa ndani ya almasi zake. Harris, wa Chuo Kikuu cha Glasgow, alitumia miongo akichambua almasi ghafi za migodi mbalimbali, jiwe baada ya jiwe, akitenga zenye chembe. Tafiti nyingi za wenzake zilianzia kwenye mawe aliyoyatenga yeye.