Boneti Iwe Baridi

Mpunga wa bonde la Kilombero ukishavunwa na kukobolewa, fedha huzunguka Ifakara kwa miezi michache, na sehemu yake huishia kwenye magurudumu. Wengi hununua pikipiki, wengine pawatila. Wachache walioshika biashara ya mchele kwa miaka na kuweka akiba hutafuta gari, na kati yao wapo wanaotaka gari lenye nguvu hasa. Wana sababu. Anayefuatilia mzigo wake Dar es Salaam, akishatoka Kidatu na kufika Mikumi, anaingia kwenye barabara kuu iendayo Zambia, na huko atakuwa nyuma ya malori marefu safari nzima. Gari lisilo na pumzi ya kulipita lori na kurudi upande wake upesi ni hatari kwa aliye ndani yake.

Ndiyo maana Subaru Forester yenye turbo ina heshima yake mjini hapa. Hii ninayoisimulia ni ya umbo la SH5, ya mwaka 2010, injini ya sisi (cc) 1,994, nguvu farasi 230 ilipotoka kiwandani. Kule Japani hilo ni gari kuukuu. Kwetu umri wa gari huhesabiwa pia kwa herufi ya kwanza baada ya tarakimu za usajili wake, na lenye namba E, lililoshuka bandarini juzi na kushikwa na mtu mmoja tu, huitwa jipya bila mtu kubisha. Mwenye gari alikuwa mtumishi wa umma aliyepata uhamisho. Mnunuzi alikuwa mama mfanyabiashara wa mchele. Aliyewakutanisha ni kijana dalali. Na aliyeletwa na mama ni fundi wa makamo, mpole wa sauti, ambaye watu wa Ifakara humchukua wanapokwenda kununua gari. Kazi yake ni kukagua na kupatana bei, na kwake hizo ni kazi moja.

Alianza kazi kabla hajaliona gari. Usiku uliotangulia alifungua kwenye simu kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA) cha magari yaliyotumika, akaingiza aina, mwaka na ukubwa wa injini. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa kwa injini iliyozidi sisi 1,000 lakini isiyozidi 2,000 ni asilimia 5, ikizidi hapo ni 10, na hizo sisi sita zilizopungua kwenye injini hii zina maana kubwa kwa mwagizaji. Juu yake VAT asilimia 18, na nyongeza ya uchakavu kwa umri wa gari. Akajumlisha bei ya kununulia Japani na nauli ya meli. Alipomaliza alijua, kwa kukaribia sana, gari lilimgharimu mwenyewe kiasi gani hadi likapata namba. Kisha akampigia muuza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, akaulizia bei za vitu vichache. Hakuwa bado anajua kipi kitahitajika. Alitaka bei ziwe kichwani asubuhi.

Sharti lake lilikuwa moja, na alilituma kupitia kwa dalali: gari lisiwashwe mpaka afike. Alifika mapema, akasalimia wakubwa wa nyumba ile kwa utaratibu wake, akauliza hali ya watoto na uhamisho, kisha akasogea na kuweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi. Akatikisa kichwa kumshukuru mwenyeji. Injini iliyopashwa moto kabla ya mnunuzi kufika imeshaficha nusu ya maneno yake.

Alizunguka gari polepole mara ya kwanza bila kugusa kitu, akitazama ubavu wake kwa kuinama ili mwanga wa asubuhi upite juu ya rangi. Mara ya pili alipitisha kidole kwenye mianya: kati ya mlango na mlango, boneti na mabawa, taa na bodi. Mwanya ulio mpana juu na mwembamba chini husema gari limewahi kunyooshwa. Alitoa mfukoni sumaku ndogo iliyoviringishwa kitambaa asije akakwaruza rangi. Ilishika vizuri kila mahali isipokuwa mlango wa nyuma kushoto, ambapo iliteleza. Hapo pana puti chini ya rangi. Hakusema. Akafungua boneti na kumulika vichwa vya bolti zinazoshika mabawa ya mbele, akitafuta alama za spana. Hazikuwepo. Mlango ule uligongwa na ukatengenezwa, lakini uso wa gari haukuwahi kufunguliwa, na tofauti hiyo ni kubwa.

Kwenye matairi alipiga magoti. Kila tairi lina tarakimu nne ndani ya umbo la yai: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ya mbele yalisema 1423, wiki ya 14 ya mwaka 2023. Ya nyuma yalisema 3817. Fundi aliingiza ukucha kwenye vijia vya kila tairi kulinganisha kina. Kwa gari jingine hilo lingekuwa jambo dogo. Forester huzungusha magurudumu yote manne wakati wote, na matairi ya nyuma yakiwa yamelika kuliko ya mbele, vyombo vinavyogawa nguvu kati ya mbele na nyuma hufanya kazi ya kusuguana bila kupumzika mpaka vinakufa. Aliandika mstari mmoja kwenye daftari lake dogo.

Ndani ya gari ndipo nilipoona tumefika kwa mtu anayelijua bonde hili. Alivuta mkanda wa kiti cha dereva polepole, ukatoka wote mpaka mwisho, akaumulika tochi. Kisha wa abiria, kisha ya nyuma. Mto Lumemo hufurika na kuingia mitaani hapa Ifakara, na gari likizama, mwenyewe anaweza kuosha viti na kubadilisha kapeti, lakini ni nadra mtu kukumbuka kipande cha mkanda kilichojikunja ndani ya nguzo. Tope huacha mstari pale. Mikanda ilikuwa safi. Hata hivyo aliinua pembe ya kapeti, akanusa, akapitisha kidole kwenye bolti za viti kutafuta kutu. Alikanyaga pedeli za breki na mafuta na kutazama mpira wake ulivyolika, akaulinganisha na kilomita 87,000 zilizoandikwa kwenye dashibodi.

Kulinganisha huko hakukumtosha. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva palibaki stika ya gereji ya Japani, maandishi ya kwao, asiyoyasoma. Tarakimu anazisoma. Iliandikwa 30 mahali pa mwaka na 61,000 mahali pa kilomita. Wajapani huhesabu pia miaka kwa zama za wafalme wao, na kwa zama za Heisei unaongeza 1988: ilikuwa oili iliyomwagwa mwaka 2018. Gari lililotembea 61,000 kwa miaka minane ya mwanzo linaweza kabisa kuwa na 87,000 leo. Fundi aliiangalia stika ile kwa muda, akaiacha bila kuibandua. Alitafuta nyingine chini ya boneti, ile ya kubadilisha mkanda wa taimingi, ambao injini hizi huhitaji kila kilomita 100,000. Hakuiona. Mstari wa pili kwenye daftari.

Kijiti cha oili alikichomoa, akakifuta kwa kitambaa cheupe, akakirudisha, akakichomoa tena. Kipimo kilikuwa kati, rangi ya kahawia. Alifungua tanki dogo la maji, akatazama kama kuna utando wa mafuta juu. Alipapasa hozi zinazoingia kwenye kipoza hewa kilichokaa juu ya injini, chini ya tundu lile la boneti linalowafanya vijana wageuke barabarani, akanusa vidole. Ukavu kiasi hiki kwenye turbo ya umri huu ni habari njema, na uso wake haukuonyesha.

Ndipo akaomba liwashwe. Pistoni nne za Subaru zimelala, mbili kila upande, na asubuhi zikiwa za baridi hugonga kidogo. Mlio ule ni wa kawaida ukififia injini inapopata joto. Mlio mzito, wa chini, usiofifia, ni wa beringi za ndani, na mwenye akili huaga hapo hapo. Fundi alifumba macho. Sisi wengine tulinyamaza kwa sababu yeye alinyamaza. Sauti ilianza kama ya vijiti vinavyogongana, ikapungua, ikaisha, ukabaki ule mdundo wa Subaru. Alikuwa ameshika karatasi nyeupe nyuma ya bomba la ekzosi tangu ufunguo ulipozungushwa. Ilitoka na vumbi jeusi kavu, bila tone la oili. Alisubiri mpaka feni ikazunguka na kuzima, akachungulia tena kwenye tanki la maji kutafuta mapovu ambayo yangesema gasketi ya silinda hedi imechoka. Maji yalitulia.

Aliliendesha yeye, mwenye gari kando yake. Kwanza kwenye uwanja mpana, usukani umekatwa mpaka mwisho, mwendo wa kutembea, akisikiliza kama magurudumu yanavutana. Kisha barabara ya vumbi kwa ajili ya bushi na shokapu. Mwisho wakaelekea daraja la Magufuli, lile la mita 384 lililofunguliwa mwaka 2018 na kumaliza enzi ya pantoni kwenye mto Kilombero. Lami ya kuliendea imenyooka, na asubuhi haina msongamano. Hapo aliikanyaga mara moja tu. Turbo ilishika, gari likasukuma migongo yetu kwenye viti, gia zikapanda bila kusita, naye akaachia mguu. Mama, aliyekuwa nyuma pamoja nami, alitazama dirishani kama aliyeagizwa. Na kweli aliagizwa: asitabasamu, asishike usukani, asiseme neno kuhusu rangi.

Tuliporudi tukakaa barazani. Bei iliyotajwa ilikuwa milioni 24, maongezi yapo. Nimewahi kuona watu wakianza maongezi kwa kulitukana gari, na sijawahi kuipenda namna hiyo. Huyu alianza kwa kusema, "Kaka, umelitunza." Alimaanisha. Kisha akamgeukia dalali mbele ya wote: "Mdogo wangu, chako kiko ndani ya hiyo 24 au juu yake?" Kijana akataja kiasi chake. Kikawekwa wazi, kikakubaliwa, na tangu hapo hakuwa na sababu ya kuvutia upande wowote.

Fundi alifungua daftari na kulisogeza ili mwenye gari asome mwenyewe. Matairi mawili ya nyuma. Mkanda wa taimingi, puli zake na pampu ya maji inayobadilishwa pamoja nao. Bushi za mbele. Kila mstari na bei ya Gerezani na ufundi wake. Jumla milioni 2 na laki 1. Chini kabisa palikuwa na mlango wa nyuma kushoto, bila bei. "Huu sikuuwekea kitu," alisema. "Nimeutaja mama ajue anachonunua."

Mwenye gari alisoma mara mbili. Akasema 23 na nusu. Fundi alinyamaza, si kwa kiburi, alimimina chai. Akasema 23. Fundi akajibu kwamba mama ana milioni 21 na laki 5, na hakuongeza sababu yoyote. Nadhani hapo ndipo ustadi wake ulipokuwa mkubwa kuliko kwenye sumaku na tochi. Hoja zote zilikuwa kwenye daftari na hakuzirudia. Mwenye gari aliingia ndani kuzungumza na mkewe. Alikaa. Hakuna aliyenyanyuka kwenda kumwita. Alitoka na milioni 22 na laki 3.

"Kuhamisha umiliki na wakili tubebe sisi," fundi akasema. "Wewe tupe 22, na ufunguo wa pili." Wakapeana mikono.

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakusukuma zaidi, maana mtu mwenye uhamisho ana haraka. Alinieleza kwamba hesabu yake ya usiku ilikuwa imemwonyesha sakafu, na chini ya hapo yule bwana angeuza kwa uchungu. Aliyeuza kwa uchungu, alisema, hapokei simu siku ya kadi.

Na kadi ya usajili ndiyo gari lenyewe. Namba ya chesisi ilisomwa kwenye bodi na kwenye kadi, herufi kwa herufi. Namba ya usajili ikaingizwa kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi kuangalia faini zisizolipwa. Mkataba wa mauziano ukaandikwa kwa wakili, pande zote zikiwa na TIN na vitambulisho vya NIDA, fedha zikapita benki, na maombi ya kuhamisha umiliki yakaenda TRA siku ile ile.

Malipo ya fundi yalikuwa yameshatolewa kabla hajagusa boneti: kiasi maalumu, gari linunuliwe au liachwe. Hapokei asilimia ya bei wala sehemu ya punguzo. Ukitafuta mtu wa kukukagulia gari, Ifakara au kwingine, mlipe hivyo hivyo, mapema, ili awe huru kukwambia uache.