Mizani ya Nguvu na Udhaifu katika Utenzi wa Fumo Liyongo

Kanuni za mwaka 2014 za mchezo wa mezani wa kifantasia, Dungeons & Dragons, humpunguzia shabaha mhusika anayeshika silaha iliyozidi umbo lake. Uhakiki huu unabaini kuwa Utenzi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, unaweka mizani tofauti. Panda hupasuka kwa pumzi ya Liyongo, na mkoba wake hubeba kinu na mchi. Nguvu hiyo haipunguzwi popote. Udhaifu umefichwa kitovuni, naye anamfichulia mwanawe. Sindano ya shaba inamuua. Hata hivyo, maiti iliyopiga magoti na upinde mkononi inawazuia watu kisimani. Inahitimishwa kuwa kinachomdhibiti shujaa ni usaliti wa damu yake, si uzito wa silaha.