Kipimo cha Jarida na Chakula cha Mkimbiaji wa Singida: Tahakiki ya Vipimo vya Majarida na Uongozi wa Uhariri katika Utafiti wa Lishe ya Michezo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna vipimo vya majarida ya kitaaluma vinavyotumiwa kuupa thamani utafiti wa lishe ya michezo, pamoja na nafasi ya wahariri katika kuamua swali linalostahili kuchapishwa. Mfano mkuu ni uchunguzi wa chakula cha wakimbiaji wa Kenya uliochapishwa mwaka 2004, unaosomwa hapa kwa kuzingatia mahitaji ya mkoa wa Singida. Hoja kuu ni kwamba kipimo cha jarida huonyesha kiasi watafiti wanavyorejeleana katika muda mfupi. Hakithibitishi usahihi wa utafiti mmoja mmoja wala manufaa yake kwa mwanariadha.

1.0 Utangulizi

Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wa Singida, alishinda marathoni ya wanaume katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda uleule wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, wakiwa wametenganishwa na sehemu 3 tu za mia za sekunde. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Ushindi unapoamuliwa kwa tofauti ndogo kiasi hicho, chakula cha mkimbiaji hakiwezi kuwa jambo la pembeni.

Singida iko katika ukanda mkavu wa kati ya Tanzania. Mtama na uwele hulimwa huko kwa kuwa huvumilia ukame, na alizeti imeupatia mkoa huo jina kwa mafuta yake. Ugali wa nafaka hizo, mlenda, asali na kuku wa kienyeji ni vyakula vinavyofahamika na kila kaya. Mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kuuliza: je, vyakula hivyo vinamtoshelezaje kijana anayefanya mazoezi ya mbio ndefu? Hata hivyo, kabla hajapima bakuli la kwanza la uji, anatarajiwa kueleza matokeo yake yatachapishwa katika jarida gani, na jarida hilo lina kipimo gani. Swali hilo la pili likitangulia, laweza kulibadilisha la kwanza, au kulizima kabisa.

2.0 Kipimo Kinahesabu Nini

Eugene Garfield alipendekeza faharasa ya marejeo ya kisayansi mwaka 1955. Katika miaka ya 1960, akishirikiana na Irving Sher, aliunda kipimo cha athari ili kimsaidie kuchagua majarida ya kuingizwa katika faharasa hiyo. Baadaye wakutubi walikitumia kuamua majarida ya kununua. Kwa asili yake, basi, hiki ni chombo cha kuchagulia majarida, na hakikuundwa ili kumpima mtafiti.

Ukokotoaji wake ni mwepesi. Huchukuliwa idadi ya marejeo yaliyofanywa katika mwaka mmoja kwa maandiko ambayo jarida liliyachapisha katika miaka 2 iliyotangulia, kisha idadi hiyo hugawanywa kwa idadi ya makala ya kitaaluma yaliyochapishwa katika miaka hiyo 2. Tuseme jarida la kubuni limechapisha makala 50, nayo yamerejelewa mara 150: kipimo chake ni 3. Lakini ikiwa makala 5 kati ya hayo yalirejelewa mara 100, yale 45 yaliyobaki yamegawana marejeo 50, yaani wastani wa takriban rejeo 1 kila moja. Mwandishi wa makala yasiyorejelewa hata mara moja bado atajivunia ile 3. Wastani huo unalieleza jarida kwa ujumla. Kumpa mwandishi mmoja sifa yake ni sawa na kumsifu mchezaji wa akiba kwa mabao ya timu nzima.

Udhaifu huu umekwisha kutambuliwa na wanataaluma wenyewe. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililotangazwa mwaka 2013, linazitaka taasisi ziache kutumia vipimo vya majarida kama mbadala wa ubora wa makala mojamoja katika kuajiri, kupandisha vyeo na kutoa fedha za utafiti.

3.0 Uchunguzi wa Mwaka 2004

Mfano wa karibu unatoka kwa jirani. Mwaka 2004, Vincent Onywera na wenzake, akiwamo Mike Boit wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na Yannis Pitsiladis aliyekuwa Chuo Kikuu cha Glasgow, walichapisha uchunguzi wa chakula cha wakimbiaji mashuhuri wa Kenya katika International Journal of Sport Nutrition and Exercise Metabolism. Boit mwenyewe alikuwa mkimbiaji aliyepata medali ya shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972.

Wakimbiaji 10 walifuatiliwa kwa siku 7 za mazoezi makali. Wanga ulitoa asilimia 76.5 ya nishati yao, mafuta asilimia 13.4 na protini asilimia 10.1. Ugali ulikuwa miongoni mwa vyakula vyao vikuu. Kwa siku walikunywa wastani wa mililita 1,243 za chai na mililita 1,113 za maji. Nishati waliyoipata ilikadiriwa kuwa kilokalori 2,987 kwa siku, ilhali waliyoitumia ilikadiriwa kuwa 3,605. Uzito wao nao ulipungua kidogo katika wiki hiyo.

Ubora wa kazi hii unaonekana katika mambo mawili. Kwanza, ilikichukulia chakula cha kawaida cha Waafrika Mashariki kuwa jambo la kupimwa kwa makini, badala ya kukidhania kuwa ni pungufu au ni cha miujiza. Pili, waandishi hawakudai zaidi ya walichokiona: waliacha wazi swali la iwapo kuongeza nishati na vinywaji kungeboresha mbio za wanariadha hao. Udhaifu wake nao uko bayana. Watu 10 kwa siku 7 ni sampuli ndogo, na matumizi ya nishati yalikadiriwa kutokana na shughuli zao. Mwaka 2006 Barry Fudge na wenzake walichapisha katika British Journal of Nutrition kazi iliyotumia maji yaliyowekewa alama za kikemia, mbinu iliyo imara zaidi, nao wakaona pia kwamba wakimbiaji wa Kenya walitumia nishati kuliko waliyokula kabla ya mashindano.

Sasa kazi hiyo ya mwaka 2004 ipimwe kwa kanuni iliyoelezwa juu. Marejeo yake yaliingia katika kipimo cha athari cha jarida kwa miaka ya 2005 na 2006 tu. Rejeo lolote lililofanywa kuanzia mwaka 2007 halikuongeza chochote katika kipimo hicho. Wakati huohuo, kwa mwalimu wa riadha wa Ikungi au Iramba, matokeo yale bado yana uhai, kwa kuwa yanahusu ugali, chai na mazoezi ya nyanda za juu. Umri wa manufaa ya utafiti na umri unaohesabiwa na kipimo ni vitu viwili tofauti.

4.0 Uongozi wa Uhariri

Namba haijichagulii makala. Anayechagua ni mhariri. Mhariri mkuu ndiye anayeamua kama mswada upelekwe kwa wapitiaji wa kitaalamu au urudishwe kwa mwandishi bila kupitiwa. Yeye na bodi yake ndio wanaoamua pia nani ataupitia. Jarida lililotajwa lilianzishwa mwaka 1991 likiwa na Melvin Williams kama mhariri wake wa kwanza, na jina lake la sasa lilianza kutumika mwaka 2000. Mwaka 2004 uhariri wake uliwaona wakimbiaji 10 wa Kenya kuwa wanatosha kufungulia mjadala. Huo ulikuwa uamuzi wa kiuhariri, na matunda yake yameonekana.

Kwa upande mwingine, mhariri anayeitazama namba kwanza ana kishawishi kinachoeleweka. Makala ya mapitio na matamko ya vyama hurejelewa sana kuliko uchunguzi wa mahali pamoja. Matamko ya Chama cha Kimataifa cha Lishe ya Michezo kuhusu protini na kreatini, yaliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la chama hicho, ni mfano wa maandiko ya aina hiyo. Yana kazi yake halali. Hata hivyo, jarida likijazwa mada za virutubisho vya kiwandani kwa sababu zina watafiti wengi wa kuzirejelea, uji wa uwele utabaki nje ya mjadala bila mtu yeyote kuukataa waziwazi.

5.0 Hoja ya Upande wa Pili

Haitakuwa haki kuvitupa vipimo vyote. Yapo majarida ya kitapeli yanayopokea ada na kuchapisha chochote bila mapitio, na mwanafunzi asiye na mwongozo huweza kunaswa. Kuwamo kwa jarida katika faharasa inayoaminika ni dalili ya awali inayosaidia. Lakini dalili hiyo yapaswa kufuatiwa na maswali ambayo namba haiyajibu. Je, wahariri wanajulikana kwa majina na vyuo vyao? Je, masilahi yao na ya waandishi katika kampuni za virutubisho yanatangazwa? Je, makosa husahihishwa hadharani? Je, katika bodi yumo mtu anayeweza kutofautisha ugali wa mtama na ugali wa mahindi? Maswali haya yanayahusu majarida ya Afrika Mashariki sawasawa na ya ng’ambo, kwa kuwa ukaribu wa mahali hauondoi wajibu wa mapitio makini.

6.0 Hitimisho

Tahakiki hii imeonyesha kwamba kipimo cha athari kina kazi yake katika kuchagua majarida, na kwamba kinapotumiwa kumpima mtafiti au swali lake hutoka nje ya mipaka yake. Uchunguzi wa mwaka 2004 unafundisha kuwa kazi ndogo, yenye vipimo sahihi na madai yenye kiasi, yaweza kufungua njia ikipata mhariri anayeielewa. Inapendekezwa kwamba kamati za vyuo zinapopokea pendekezo la utafiti kuhusu lishe ya wakimbiaji wa Singida, zianze na mambo matatu: chakula kitapimwaje, wakimbiaji wangapi watafuatiliwa na kwa muda gani, na matokeo yatawarudiaje kwa Kiswahili wao na walimu wao. Jina la jarida lijadiliwe baada ya hayo.