Mikunjo na Vijiti vya Kiberiti

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Dodoma, ukapita uwanja wa ndege, ardhi ya Kisongo inakuonyesha makorongo yake. Kila masika maji hula kingo. Mahali kijana alipokuwa akiruka kwa hatua moja, uzeeni analazimika kuzunguka.

Nayakumbuka makorongo hayo kila ninapotazama picha ya ubongo wa mzee. Gamba la nje la ubongo lina unene wa milimita 2 hadi 4 tu, lakini likitandazwa lingefika sentimita za mraba 2,000 au zaidi. Ili litoshe ndani ya fuvu, limekunjwa kama kanga zilizoshindiliwa sandukuni, na karibu theluthi mbili ya uso wake imejificha kwenye mikunjo. Umri ukisogea, matuta hukonda, mifereji iliyo kati yake hutanuka, na maji ya ubongo huchukua nafasi iliyoachwa. Hayo huja na uzee hata kwa asiye mgonjwa. Basi picha peke yake haitoshi kukwambia mzee huyo bado anaweza nini.

Hapo ndipo ulipo ufundi ninaousifu. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa asilimia 6.4 walikuwa na ugonjwa wa usahaulifu. Lakini unampimaje mzee ambaye hakuwahi kukanyaga darasani? Ukimpa penseli anakili mchoro, atashindwa, na ugeni wa penseli utaandikwa kuwa ugonjwa.

Kipimo kiitwacho IDEA, kilichojaribiwa Hai, kiliiweka penseli kando kikachukua vijiti vya kiberiti, wazo ambalo watafiti wa Ibadan, Nigeria, walikuwa wamekwisha kulitumia. Mpimaji hupanga vijiti. Mzee naye hupanga vyake vifanane. Jicho lipime mwelekeo, kidole kifuate. Kisha: taja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja. Daraja ni nini? Mkuu wa hapa kijijini ni nani? Maswali mepesi kwa sikio, mazito kwa akili, na hakuna hata moja linalouliza ulisoma wapi. Aliyeyachagua alijua kuwa kila jiko lina kiberiti, na kwamba mfugaji haishiwi wanyama wa kutaja.

Siku ya mnada Kisongo nilikaa karibu na koko (bibi mzee) mmoja aliyekuwa akitunga shanga. Alikuwa amekwisha kumaliza mistari mitatu alipoisogeza kazi mbele ya jicho, akanyamaza. Punje moja ya bluu ilikuwa imekaa pa nyeupe, mstari wa kwanza. Hakuna aliyemwambia. Akafumua yote mitatu, akalowesha ncha ya uzi mdomoni, akaanza upya.