'Utukufu wa asubuhi' si jina la ua

Hapa Nakuru, mmea wa maua ya zambarau unaotambaa kwenye nyua nimeona ukitafsiriwa 'utukufu wa asubuhi'. Jamani, utukufu ni neno la ibada! Hicho ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Tena kinaficha undugu: mmea huu na kiazi vitamu ni wa jenasi moja, Ipomoea, jina la Linnaeus la mwaka 1753. Litazame ua la kiazi: umbo lilelile la tarumbeta, hufunguka alfajiri, hunyauka jua likikaza. Vikonyo vya kiazi mkulima huviita marando. Basi mimi ningeandika 'marando-mwitu', kama tusemavyo mbwa-mwitu. Na je, mtu akiyapika akidhani ni matembele? Hapo ndipo 'mwitu' inapofanya kazi, maana mbegu zake zina sumu.