'Ki' ya masharti inavyowazuia wanawake kupimwa kansa

NILIPOPITA Salgaa majuzi nikitoka Eldoret, nilisimama kunywa chai katika hoteli moja karibu na maegesho ya malori. Ukutani palikuwa na tangazo la afya: "Ukiona damu isiyo ya kawaida au maumivu ya tumbo, nenda ukachunguzwe saratani ya kizazi." Nilimuuliza mama aliyenihudumia kama amewahi kwenda. Akacheka. "Hiyo ni ya wenye wako wagonjwa, mzee. Mimi siumwi mahali."

Mama huyo hakukosea. Alisoma Kiswahili jinsi kilivyoandikwa. Aliyekosea ni mwandishi wa tangazo.

Tuanze na "ukiona". Kiambishi "ki" hapo ni cha masharti. Ukimwambia mtu "ukifika nipigie simu", asiyefika hana sababu ya kupiga. Vivyo hivyo, "ukiona damu nenda" humwambia asiyeona damu atulie nyumbani. Ilhali uchunguzi wa saratani hii umekusudiwa hasa huyo asiyeona chochote. Maradhi haya husababishwa na virusi vya papiloma, ambavyo madaktari huviita HPV, na kwa mwanamke mwenye kinga imara huchukua takribani miaka 15 hadi 20 kabla ya maambukizi kugeuka kansa. Muda huo wote seli hubadilika kimyakimya. Mhudumu hupaka siki hafifu, sehemu zilizobadilika zikawa nyeupe, na mara nyingi huweza kuondolewa kabla hazijawa saratani. Aliyeona damu naye aende, tena upesi. Lakini huyo anakwenda kutafuta utambuzi wa ugonjwa. Nafasi ya kinga pengine imeshampita.

La pili ni "kizazi". Tangazo limelidondosha neno "mlango", na neno hilo ndilo lililobeba maana. Saratani hii huanzia kwenye mlango wa kizazi, yaani sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi. Kizazi peke yake katika mazungumzo yetu ni uwezo wa kuzaa. Twasema fulani hana kizazi, amefunga kizazi, ametolewa kizazi. Mwanamke anayetarajia mtoto akiambiwa aje achunguzwe kizazi, anaogopa kurudi bila hicho kizazi. Tusishangae basi kwamba chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa kwa wasichana wa miaka 10 nchini mwezi Oktoba 2019, imeandamwa na uvumi kwamba inawafanya tasa. Sidai kwamba neno hili ndilo lililozaa uvumi huo, lakini limeupa mahali pa kulala.

La tatu ni "virusi", na hapa Salgaa ina historia yake. Kwa miaka mingi kituo hiki cha malori kimelengwa na kampeni za UKIMWI, zikiwahusu madereva na wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Katika mji kama huu, "ana virusi" ina maana moja tu. Mhudumu akimwambia mwanamke "tumekupata na virusi" baada ya kipimo cha HPV, bila kutaja ni virusi gani, amempa majibu ya ugonjwa mwingine. Atakayebeba habari hiyo hadi nyumbani kwa mumewe ni mwanamke huyo. Ni kweli kwamba wanaoishi na virusi vya UKIMWI wako katika hatari mara sita zaidi ya kupata saratani hii. Hiyo ni sababu ya kutenganisha majina hayo mawili kwa uangalifu mkubwa zaidi.

Najua nitaambiwa kwamba kinachowazuia wanawake ni umbali, foleni na nauli, wala si viambishi. Nakubali mambo hayo yana uzito. Lakini yule mama hakuniambia kwamba kliniki iko mbali. Aliniambia kwamba haumwi. Saratani hii inakadiriwa kuua zaidi ya Wakenya 3,000 kila mwaka, na Shirika la Afya Duniani linataka ifikapo 2030 asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kabla ya kutimiza miaka 35, kisha tena kabla ya 45. Haiwezekani kulifikia lengo hilo kwa kuwaita waliokwisha kuugua tu.

Tangazo lenyewe halihitaji maneno mengi. Ningeliandika hivi: "Una miaka 25 hadi 49? Nenda ukapimwe saratani ya mlango wa kizazi hata kama huumwi. Kipimo hakiondoi kizazi. Virusi vya papiloma si virusi vya UKIMWI." Wizara na kaunti zina wataalamu wa tiba wa kutosha. Kabla ya kupeleka karatasi kiwandani, wamwonyeshe pia mama mmoja wa hotelini, kisha wamuulize ameelewa aende lini.